Mdogo Wangu Niliyemdhamini

Mdogo wangu wa kiume alioa kwa ng'ombe wangu. Nikisema wangu, nina maana ya wale kumi na wawili waliotolewa mahari yangu, wakaingia zizini kwa baba, wakakaa humo miaka minne wakizaa, kisha wakatoka kwenda kumlipia yeye mke. Kwetu Usukumani hilo si jambo la kulalamikia, ndivyo ilivyo kwa kila nyumba yenye binti na kijana. Siku walipotolewa nilikuwepo, nina mtoto wangu wa kwanza mgongoni, na nilimjua kila ng'ombe kwa rangi yake. Baba aliniita pembeni akaniambia, "Mji wa huyu mdogo wako ni mji wako. Ukishindwa kwa mume, utarudi kwake."

Nilishindwa kwa mume. Alikuwa dereva wa malori ya pamba, akapata mwanamke mwingine Kahama, na safari zake zikawa ndefu hadi siku moja nikagundua kwamba amehama. Baba alikuwa ameshafariki. Sikurudi kwa mdogo wangu, ingawa alinifuata mara mbili kwa baiskeli kunibembeleza. Nilibaki Bariadi mjini na watoto watatu katika chumba kimoja cha kupanga nyuma ya soko, kwa sababu niliona mji unakua. Ofisi za mkoa zilikuwa zimekuja, na pamoja nazo walikuja watu wa kila upande, walimu, wauguzi, makarani, watu wa Bukoba na Moshi na Lindi, watu wasio na ng'ombe hata mmoja ambao watoto wao walihitaji maziwa kila asubuhi.

Basi nikawa muuza maziwa. Nilinunua kwa wanawake waliokuja na ndoo kutoka vijijini, nikachemsha kwa mkaa, nikauza ya moto asubuhi na ya mgando mchana, kwenye viti vinne vya plastiki chini ya turubai. Niliweka pia matobolwa, vile viazi vitamu vilivyochemshwa na kukaushwa, ili watu wavile pamoja na mgando. Wageni walivicheka mwanzoni, wakavizoea. Tatizo langu lilikuwa joto. Maziwa ambayo hayakuuzwa kufikia saa nane yaliharibika, nami niliyamwaga mtaroni huku nikiangalia pembeni.

Mwanamke mmoja wa sokoni ndiye aliyenipeleka kwenye chama cha akiba na mikopo. Afisa mikopo alikuwa binti wa Tanga, anavaa hijabu ya rangi rangi, na Kiswahili chake kilikuwa kitamu mpaka sisi tunaochanganya r na l tuliona haya kufungua mdomo mbele yake. Lakini hakutucheka. Alikuja kwenye viti vyangu vinne, akanywa maziwa, akaniuliza nayanunua kwa nani, nayamwaga mara ngapi, na sufuria yangu inachukua lita ngapi. Mkopo wangu wa kwanza ulikuwa mdogo sana. Nilinunua jiko la gesi na sufuria kubwa. Nilipoumaliza nikachukua wa pili, nikanunua friza, lile friji la kulala.

Sitaki mtu anisome hapa adhani nawasema vibaya watu wa mikopo midogo. Mimi mkopo ulinisaidia. Siku friza ilipoingia niliacha kumwaga maziwa. Miezi michache baadaye niliacha turubai, nikapanga fremu yenye mlango na meza. Watoto wangu walianza kulala kitanda chao na mimi changu. Hayo niliyaona kwa macho yangu na sitayakana kwa sababu ya yaliyofuata.

Kilichonisumbua sasa kilikuwa maziwa yenyewe. Wale wanawake wa ndoo walikuja siku wanayotaka. Wengine waliongeza maji. Nilikuwa na kile kipimo cha kioo kinachoelea, na asubuhi nyingi nilianza kwa kugombana. Ndipo nikamfikiria mdogo wangu.

Alikuwa analima pamba na choroko kijijini kwetu, mwendo wa nusu saa kwa bodaboda. Mwaka ule pamba ilikuwa imemvunja moyo. Alikuja mjini, akaketi kwenye fremu yangu akiangalia watu wanavyoingia, akasema, "Dada, wewe unauza kwa ndoo kila siku. Mimi nasubiri mwaka mzima nipelekwe kwenye mizani nikadanganywe."

"Fuga," nilimwambia. "Fuga ng'ombe wa maziwa wa kisasa. Mimi nitayachukua yote."

"Nitawapata wapi? Hawa wetu wanatoa lita moja, na ndama analia."

"Kopa."

Alicheka. Hakuwahi kukopa mahali popote penye karatasi. Nilimpeleka mwenyewe. Nilimlipia kiingilio awe mwanachama, nikamfundisha kuweka akiba kila wiki, na muda ulipotimia nikawa mdhamini wake. Kuwa mdhamini maana yake ni kwamba asipolipa yeye, inakatwa akiba yangu. Binti wa Tanga alinieleza hilo mara mbili, akaniuliza, "Mama yangu, una uhakika?" Nikamjibu kwamba huyu tumenyonya titi moja.

Mitamba wawili wa chotara, wenye mimba tayari, walikuja kwa Fuso kutoka upande wa Mara. Nilifunga duka siku hiyo nikaenda kuwapokea. Mama yetu alitoka nyumbani akiwa na fimbo yake, akawazunguka, akapiga vigelegele kwa sauti ambayo sikuwa nimeisikia tangu baba afe. Mke wa mdogo wangu, wifi yangu, mwanamke mpole asiye na maneno mengi, alisimama kando ameshika kamba kwa mikono miwili kana kwamba mtu angekuja kuwachukua.

Nilimfundisha wifi kila kitu nilichojua. Anawe mikono kwa sabuni. Aoshe kiwele kwa maji ya vuguvugu na akikaushe. Asitumie dumu la mafuta hata kama limeoshwa, kwa sababu harufu haitoki. Nilimnunulia keni mbili za alumini zenye mifuniko, nikazipaka rangi nyekundu kwenye mikono yake ili zisipotee kwa watu wa bodaboda. Ng'ombe walipozaa, maziwa yakaanza kuja. Asubuhi saa moja bodaboda alisimama mbele ya fremu yangu, nikafungua mfuniko, na nilikuta maziwa mazito yenye mafuta ya manjano juu, ambayo kipimo changu hakikuwa na la kusema juu yake.

Ule ulikuwa mwaka mzuri kuliko yote niliyowahi kuishi. Viti vikafika kumi na vinne. Mwalimu mmoja wa Kihaya, aliyekuwa anakunywa kwangu kila asubuhi kabla ya kwenda shuleni, alikuwa akiwaambia wenzake kwamba hajapata maziwa kama haya tangu aondoke kwao. Mdogo wangu alimaliza mkopo wake kabla ya wakati, na akawa na ng'ombe wanne. Akajenga banda la saruji. Alikuja mjini amevaa shati lililopigwa pasi, na nilipompita mtu sokoni niliona raha kusema, "Yule ni mdogo wangu."

Mabadiliko yalianza kidogo kidogo. Keni moja ikawa inakuja nusu. Nilimpigia simu.

"Kiangazi, dada," alisema. "Majani hakuna."

Nilikwenda kwenye kinu cha pamba nikanunua magunia ya mashudu, nikampelekea. Maziwa hayakuongezeka. Akasema mmoja ana ugonjwa wa kiwele. Nilimlipa daktari wa mifugo aende. Daktari akanipigia simu kwamba hakumkuta mtu, ng'ombe wamepelekwa kunywa maji. Mdogo wangu akasema walipishana. Niliamini. Hata sikujua kwamba naamini, kwa sababu hakukuwa na kitu kingine cha kufikiria. Nilirudi kwa wale wanawake wa ndoo nikawapigia magoti ili nijaze upungufu, na wateja wakaanza kuonja kwanza kabla ya kunywa.

Katika wiki hizo hizo mdogo wangu alipita dukani saa ya msongamano wa asubuhi. Nilikuwa na sufuria mkononi, maziwa yanapanda. Alitoa karatasi mfukoni, akasema, "Dada, weka sahihi hapa. Ile dhamana yangu wanataka kuihuisha."

"Mkopo si umeisha?"

"Umeisha. Ni kumbukumbu zao tu."

Niliweka sufuria chini, nikapangusa mkono kwenye khanga, nikasaini juu ya mfuniko wa friza. Alinishukuru, akanywa kikombe kimoja amesimama, akaenda.

Baada ya mwezi hivi likafunguliwa duka jipya la maziwa karibu na stendi. Lilikuwa na vigae sakafuni na friji la kioo lenye taa ndani, na mtindi wa kwenye vikombe vyenye vifuniko. Watu walisema ni la tajiri mmoja wa Mwanza. Sikukasirika. Mji ni mkubwa, nilijiambia, na maziwa hunywewa na kila mtu. Lakini mwalimu wangu wa Kihaya alipotea siku tatu, na aliporudi alikaa kwenye kiti chake cha kawaida, akaonekana kama mtu aliyetoka kutenda dhambi.

"Mama, nisamehe," alisema. "Nilipita kule kwa majirani zako wapya. Sijui wanayatoa wapi maziwa yao. Ni kama yale yako ya mwaka jana."

Nilicheka naye. Nilimwongezea kikombe.

Kesho yake niliamua kwenda kijijini mwenyewe bila kupiga simu, niwaone hao ng'ombe wagonjwa. Sikuwa na shaka na mdogo wangu. Nilikuwa na shaka na daktari, nilidhani hakufanya kazi yake. Kulikuwa kumeshapambazuka, nimepakiwa kwenye bodaboda na gunia la mashudu limefungwa nyuma. Tulipofika njia panda ya kijijini kwetu tukapishana na bodaboda mwingine anayeelekea mjini, na juu ya kiti chake cha nyuma zilikuwa zimefungwa keni mbili za alumini zenye mikono myekundu.

Nilifurahi. Nilidhani maziwa yameongezeka, na yote yanaletwa kwangu. Nikamwambia dereva ageuze tumfuate, nikapokee. Tulimfuata hadi mjini. Alipita barabara ya sokoni bila kukata kona. Dereva wangu akageuza shingo akaniuliza, "Mama, anaenda wapi huyu?" Yule bodaboda alizunguka nyuma ya lile duka jipya, akapiga honi, mlango ukafunguliwa, na mdogo wangu akatoka amevaa koti jeupe, kaptura na buti za mpira.

Alishika keni ya kwanza kabla hajaniona. Aliponiona aliishusha chini taratibu.

"Dada. Mbona asubuhi hivi?"

"Duka la nani hili?"

"Karibu kwanza ukae."

"Nimeuliza duka la nani."

Alivua kofia. Kwetu mtu akitoa habari ya msiba huvua kofia vile. "Letu. Mimi na yule bwana wa Mwanza. Yeye katoa nyumba na mafriji. Mimi nimetoa maziwa na..."

"Na nini?"

"Na mkopo."

Hapo ndipo nilipoiona ile karatasi tena kichwani, na sufuria iliyokuwa inapanda, na mkono wangu wenye maji. Nilimuuliza ni mkopo gani, ingawa nilijua. Alisema ni mkubwa kuliko ule wa kwanza. Mdhamini ni mimi.

"Ng'ombe hawakuugua," nilisema.

Aliisogeza ile keni kwa buti.

"Mashudu yangu walikula."

"Dada, ningekuambia ungekubali?"

"Hukuniuliza."

"Nimekuuliza tangu nizaliwe!" Sauti yake ilipanda, na wale vijana waliokuwa wanapanga vikombe ndani waliacha kazi. Akaishusha. "Mke nimeoa kwa ng'ombe wako. Mitamba nimepata kwa jina lako. Maziwa nauza kwako kwa bei yako. Unajua pale kijijini wananiitaje kwenye pombe? Wanasema mimi nimeolewa na dada yangu. Nilitaka kitu kimoja, dada. Kimoja tu ambacho sikupewa na wewe."

Kwamba na hicho nacho alikichukua kwangu, ni jibu lililonijia baadaye. Nilimwona jinsi alivyonenepa, nikaona kovu la jembe kwenye goti lake lililojitokeza juu ya buti, nililomfunga mimi kwa kitambaa akiwa na miaka saba. Nikamwambia dereva anirudishe.

Sikurudi dukani. Nilikwenda kwa mama. Gunia la mashudu lilikuwa bado limefungwa nyuma ya pikipiki na sikukumbuka kulishusha mjini. Mama alikuwa amekaa uani akichambua choroko kwenye ungo. Nilipiga goti, nikamwamkia, "Mwangaluka, mayu," naye akaitikia na kuniuliza habari za watoto. Wifi alitoka bandani, akaniona, akarudi ndani ya banda bila salamu. Hiyo ndiyo iliyonifungua macho. Wifi hakuwahi kunipita bila salamu.

"Mayu," nilisema, "ulijua?"

Mama aliendelea kuchambua. Vidole vyake vilitoa jiwe, vikaliweka pembeni, vikatoa lingine.

"Mdogo wako ana watoto sita," alisema.

"Sikuulizi watoto. Ulijua kwamba maziwa yanakwenda kwingine?"

"Nilijua."

"Tangu lini?"

"Tangu mwanzo, alipoanza kumpelekea yule bwana wa Mwanza. Aliniambia nisikuambie mpaka duka lisimame." Akaweka ungo chini. "Mwanangu, wewe uko mjini. Una duka, una friza, watu wanakuja na magari kununua kwako. Yeye ni mwanamume wa mji huu wa baba yenu. Mimi nitazikwa hapa, si huko sokoni."

"Na mimi ni nani, mayu?"

"Wewe uliolewa," alisema mama, kwa sauti ya upole kabisa, kama mtu anayemkumbusha mwenzake siku ya gulio.

Nimesikia maneno makali maishani. Mume wangu alinitukana kwa lugha ambazo siwezi kuziandika. Hakuna lililoniingia kama lile. Nilinyanyuka, nikapangusa vumbi magotini. Nikashusha lile gunia mwenyewe nikaliegemeza kwenye banda, maana ng'ombe hawakuwa na kosa, kisha nikaondoka.

Alasiri ile nilikwenda ofisini kwa binti wa Tanga. Nilikuwa nimejiandaa kupiga kelele. Nilimweleza yote, tangu ng'ombe wa mahari, na nadhani nililia. Alinisikiliza, akanipa maji, akatoa faili la mdogo wangu. Sahihi ilikuwa yangu. Aliniambia siku ile walipopokea fomu alinipigia simu kuthibitisha, na mimi nilimjibu, ndiyo, mimi ndiye mdhamini, asante, nina wateja. Nilikumbuka. Kweli nilimjibu hivyo.

"Mama yangu," alisema, "ningeweza kukusaidia kama angekuwa halipi. Lakini analipa. Kila mwezi, kabla ya tarehe. Ni katika wakopaji wetu wazuri."

"Kwa hiyo hakuna kosa?"

Alifunga faili, akaweka mkono wake juu ya wangu. "Kosa lipo," alisema. "Ila hapa halina mahali pa kuandikwa."

Nilimheshimu kwa kusema hivyo. Lakini nilitoka nje nikasimama kwenye ngazi muda mrefu, nisijue niende upande gani. Mtu akikuibia unakwenda polisi. Mtu asipolipa unamfuata. Huyu aliyenidanganya alikuwa analipa vizuri, ng'ombe wake wananenepa, ameajiri vijana wanne, na mtindi wake watoto wanaupenda. Kila kitu ambacho mikopo ile iliahidi kwa wafugaji wadogo kilikuwa kimetimia, na kilitimia kwa mdogo wangu. Mimi tu ndiye niliyebaki nje ya habari hiyo.

Kwenye mkutano mkuu wa wanachama walimwita mbele. Nilikuwa nimekaa benchi la nne, katikati ya wanawake wa sokoni. Mwenyekiti alimtambulisha kama mfano wa mkulima aliyeacha kungojea msimu. Mdogo wangu alishika kipaza sauti kwa mikono miwili. Alimshukuru Mungu, akakishukuru chama, akamshukuru mama yake mzazi kwa kumwombea, akamshukuru mke wake kwa kuamka alfajiri. Macho yake yalipita juu ya benchi letu. Nilidhani atasema. Nilikaa nimejiweka sawa, nimejifunga khanga vizuri, kama mtu anayejua ataitwa. Watu wakapiga makofi, akashuka. Mwanamke aliyekaa pembeni yangu, yule yule aliyenipeleka chamani mara ya kwanza, alinishika paja akaninong'oneza, "Piga makofi, watu wanakuangalia." Nikapiga.

Biashara yangu haikufa. Ilipungua. Viti vikarudi saba, na mwalimu wa Kihaya alihamishiwa Nyashimo kwa hiyo sikupata kujua angeendelea kuja au la. Nilitafuta maziwa upande mwingine, barabara ya kwenda Maswa, nikapata wanawake watatu wenye ng'ombe wa kawaida. Wifi nilimfundisha bure kwa mapenzi. Hawa niliandikiana nao mkataba wa ukurasa mmoja, nikawasomea mbele ya mtendaji wa kijiji. Waliona ninawadharau. Mmoja aliniuliza kwa nini simwamini mtu, na sikumweleza.

Mdogo wangu alimaliza ule mkopo wa pili. Niliitwa ofisini kusaini kwamba dhamana yangu imeachiwa, nikakuta ameshasaini na kuondoka. Sijui kama aliondoka kwa ajili yangu au alikuwa na haraka tu.

Wakati huo mama alikuwa anaishi kwangu. Macho yalianza kumsumbua, na hospitali ilikuwa karibu na mimi. Tulilala chumba kimoja, nilimwekea dawa ya matone asubuhi na jioni, nilimpikia michembe, vile vipande vikavu vya viazi vitamu, na karanga jinsi anavyopenda. Hatukuwahi kurudia mazungumzo ya siku ile ya choroko. Nilidhani labda amesahau. Mdogo wangu alikuja Jumapili kumwona, akaketi uani, nami nilimtengea chakula kama mgeni yeyote nikaingia jikoni.

Jumapili moja hakuondoka baada ya kula. Aliniita nije nikae. Mama alikuwa pale, amefunikwa jicho moja kwa pamba.

"Dada," alisema, "nataka kununua mtambo mdogo wa kuchemshia maziwa. Nikiupata nitauza mpaka Lamadi. Safari hii nakuuliza. Karatasi hii hapa, isome yote. Nataka uwe mdhamini wangu."

Alikuwa ameikunjua mezani, ameilainisha kwa kiganja. Niliona kwamba alijiandaa kwa siku nyingi, na kwamba kwa akili yake huku ndiko kuomba radhi. Mama aligeuza jicho lake zima kuniangalia.

Ningeweza kusema nitafikiria. Nilisema, "Hapana."

"Nimekuuliza, dada."

"Nimesikia. Hapana."

Alikunja karatasi yake. Hakugombana. Alimuaga mama, akaniaga na mimi, akatoka. Mama alianza kulia kwa lile jicho moja, machozi yanashuka upande mmoja wa uso, nami nilikaa nikimwangalia bila kunyanyuka kumfuta. Nilikuwa nimefikiri siku nikipata kumkatalia nitajisikia mwepesi. Haikuwa hivyo. Ilikuwa kama kukataa kumpa maji mtu unayemjua.

Alipata mdhamini mwingine ndani ya wiki. Mama alifunga nguo zake siku ya tatu. Alisema macho yamepata nafuu, kwamba sasa anataka kukaa kwa mwanawe. Nilimbeba mfuko hadi kwenye bajaji, nikampa matone yake na nikamweleza tena saa za kuweka.

Siku hizi nakwenda kumwona kila Jumatano, baada ya wateja wa asubuhi kupungua. Wifi ananipokea kwa salamu ndefu. Mdogo wangu akiwepo ananiletea kiti, anakifuta kwa mkono, naketi. Anauliza habari za watoto, nami namuuliza habari za mvua. Ananiletea kikombe cha maziwa. Nayanywa, ni mazuri sana, nami humwambia hivyo kwa sababu ni kweli.